Ulanzi wa Saa Kumi

Mgambo alipopindua ndoo ya kwanza ya mdogo wangu, ulanzi ulipita katikati ya miguu yangu ukashuka mtaroni. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Ukungu ulikuwa haujanyanyuka, na wanawake waliokuwa wakienda kulima walisimama na majembe begani wakitazama. Ndoo ya pili aliipindua kwa mguu. Mdogo wangu alivifunika vikombe vyake kwa kitambaa, kana kwamba vikombe ndivyo vilivyovuliwa nguo mbele za watu, kisha akaniangalia. Hakumwangalia mgambo. Aliniangalia mimi.

Alikuwa na haki. Sheria iliyomwaga ulanzi wake niliileta mimi.

Nitaeleza ilivyokuwa. Kueleza ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana, na hata nikikasirika siwezi kuanzia katikati. Kwa hiyo kama hujawahi kuishi Iringa, vumilia kidogo nikueleze ulanzi ni nini.

Mvua zikianza, mianzi huchipua. Chipukizi likifika urefu wa mtu, mgema hulikata ncha, halafu hufunga chini ya jeraha kikombe kilichotengenezwa kwa kipande cha mwanzi uliokomaa. Kikombe hicho tunakiita mbeta. Asubuhi na jioni anapitia kila chipukizi, anapunguza ncha kidogo kwa kisu kikali ili maji yasikome. Maji hayo ndiyo ulanzi. Yaliyodondoka usiku, ukiyakinga alfajiri kwenye mbeta safi, ni matamu kama muwa uliopoa. Mtoto anakunywa, mama mjamzito anakunywa, na mchungaji anakunywa akiwa njiani kwenda ibadani. Lakini ulanzi haumsubiri mtu. Jua likipanda unaanza kuchemka wenyewe, pasipo moto. Saa sita unachoma ulimi. Saa kumi una povu na harufu, na atakayemaliza lita mbili atarudi nyumbani akigombana na uzio.

Hakuna mtu wa kwetu asiyelijua hilo. Nami ni mtu wa kwetu, nimezaliwa kwenye mianzi hiyohiyo. Ndiyo maana aibu yangu haina pa kujificha.

Mdogo wangu ni mjane na ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameuza ulanzi mtamu peke yake. Mbeta zake huziosha kwa maji ya moto kila siku, kazi ambayo wengi hawana subira nayo, kwa sababu mbeta yenye uchachu wa jana huuharibu ulanzi wa leo kabla haujafika barabarani. Saa kumi na mbili na nusu yuko njia panda na ndoo zake mbili. Saa tatu amemaliza. Ukibaki, anaumwagia migomba. Mlevi akimfuata mchana humwambia, "Nenda kilabuni, baba. Mimi nauza maji ya mwanzi, siuzi cha kupandia kichwani." Msimu huo wa mvua, miezi michache tu, ndio unaomvusha mwaka. Na jina lake limejengwa palepale njia panda, kikombe kwa kikombe.

Sasa nije kwangu. Nilifundisha Mbeya karibu maisha yangu yote ya kazi, somo la uraia. Mtaa niliokuwa nakaa ulikuwa na vilabu vya komoni, pombe ya unga wa mahindi na kimea. Komoni hupikwa kwa siku kadhaa. Ikiiva imeiva, na ukiiacha kutoka asubuhi hadi jioni haibadiliki kiasi cha kumshtua mtu. Wanaume walikuwa wanaianza saa mbili asubuhi, na wanafunzi wangu walikuwa wanawaruka baba zao barabarani wakija shule. Halmashauri ya kule ikatunga sheria ndogo: pombe za kienyeji zisiuzwe kabla ya saa kumi jioni. Ilifanya kazi. Nililiona kwa macho yangu, na darasani nililitumia kama mfano wa sheria inayomfaa mwananchi. Nilikuwa nikiwauliza watoto, "Sheria nzuri inaanzia wapi?" Nao walikuwa wakijibu kwa pamoja, "Kwa wananchi, Mwalimu!"

Nikastaafu, nikarudi nyumbani Iringa. Haukupita muda, diwani wetu akaja kunisalimia. Nilimfundisha darasa la nne kabla sijahamishiwa Mbeya, mtoto mwenye mwandiko mzuri na bidii nyingi. Tulikunywa chai kwa viazi vitamu. Akaniambia kata yake inamtesa kwa ulevi wa asubuhi.

"Mwalimu, wewe umekaa nje. Wenzetu walifanyaje?"

Swali kama hilo, kwa mtu kama mimi, ni sawa na kumpa mpishi jiko lililowashwa. Nilimweleza kwa saa mbili. Nilichukua karatasi nikamchorea: tatizo hapa, sheria pale, matokeo kule. Nilimtafutia na nakala ya sheria ya Mbeya niliyokuwa naitumia darasani, imechakaa pembeni. Aliikunja akaiweka mfukoni.

"Ndiyo maana tulikuwa tunakupenda, Mwalimu," akasema.

Nililala vizuri siku ile.

Miezi michache baadaye rasimu ililetwa kwenye mkutano wa kijiji ili wananchi watoe maoni. Mtendaji wa kijiji aliisoma kwa haraka, kwa lugha ile ya vifungu ambayo hata msomaji haisikii. Diwani akasimama. "Tunaye mwalimu wetu hapa. Mwalimu, wafafanulie."

Nikafafanua. Na nilifafanua vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Nilitoa mifano, nikawachekesha, nikawaambia wasiogope sheria maana sheria ni mali yao. Mdogo wangu alinyoosha mkono kutoka safu ya kina mama.

"Dada... samahani, Mwalimu. Na huu wetu wa asubuhi?"

"Wa asubuhi nao utauzwa," nilimjibu kwa upole uleule niliowajibia watoto wa darasa la tatu, "ila kuanzia saa kumi. Hakuna atakayekunyang'anya mianzi yako. Vumilia saa chache tu."

Akaketi. Mzee aliyekuwa jirani yake alisema jambo chinichini, wawili watatu wakacheka, nami nikafikiri wanacheka kwa furaha. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa alichosema: "Mwalimu anadhani mwanzi una saa ya mkononi." Hakuna aliyesimama kunisahihisha. Nilikuwa mgeni wao, mkubwa wao, na nilikuwa nasema vizuri mno. Mtendaji akaandika kwenye daftari kwamba wananchi wameridhia. Watu wakapiga makofi, nami pia.

Sheria ilianza kutumika mvua zilipoanza.

Wiki ya kwanza mdogo wangu alitii. Alikinga alfajiri kama kawaida, akaziweka ndoo ndani, kivulini, akazifunika kwa majani mabichi ya mgomba akidhani baridi itausaidia. Saa kumi alizitoa njia panda. Povu lilikuwa limesukuma kifuniko. Wanawake wa majembe hawakuwepo, walikuwa bado mashambani. Waliokuja walikuwa wateja wa kilabu, na mmoja wao aliita kwa sauti ili barabara nzima isikie:

"Jamani njooni! Mama mzee wa kanisa naye kafungua! Mama, na sadaka tunaitolea hapahapa?"

Hakuuza hata kikombe kimoja. Alizirudisha ndoo nyumbani, akaumwaga ulanzi wote nyuma ya jiko. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Mimi nilikuwa nimekwenda Mbeya kufuatilia mafao yangu, sikuwepo. Niliporudi, nyuma ya jiko lake palikuwa na harufu ya kilabu na nzi wamejaa. Yeye aliniandalia ugali.

"Unauuza saa ngapi siku hizi?" nilimuuliza.

"Siuuzi, dada. Naugema tu."

"Unaugema wa nini kama huuuzi?"

"Ukiacha kupunguza ncha, jeraha linakauka, basi. Msimu umekwisha kwa chipukizi hilo. Hilo nalo umelisahau?"

Nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nimesahau kila kitu isipokuwa kueleza.

Nikamwambia aende njia panda alfajiri, mimi nitakaa naye. Nikiwepo mimi, nani atamgusa? Ndivyo nilivyosema, na ndivyo tulivyofika kwenye asubuhi ile ya mgambo.

Ndoo zilipokwisha kupinduliwa, nilimshika mgambo mkono. Alikuwa kijana mwenye adabu, viatu vyake vya mvua vimezidi mguu.

"Kimebaki kikombe kimoja hiki," nilimwambia. "Onja. Onja uniambie kama hii ni pombe."

"Mama, nikionja kabla ya saa kumi, na mimi nimevunja sheria."

Watu waliangua kicheko. Hata mdogo wangu alicheka, machozi yakiwa tayari yamefika. Mimi sikucheka. Nilichukua chupa mbili za maji zilizokuwa tupu, nikamwomba mdogo wangu anifuate shambani kwake. Zilibaki mbeta chache ambazo hakuwa amezitoa. Nikazijaza chupa zote mbili, nikafunga vifuniko, nikashika njia ya ofisi ya kata kwa miguu.

Diwani alikuwa ofisini, meza imejaa makaratasi. Alinyanyuka aliponiona.

"Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba. Kunywa hii."

Nilimmiminia kwenye kikombe chake cha chai. Alikunywa, akafumba macho. "Mtamu! Umenirudisha utotoni, Mwalimu. Bibi alikuwa anatupa huu kabla ya shule."

"Hii ya pili usiiguse," nikasema, nikaiweka juu ya meza yake. "Hii tutaifungua saa kumi."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikiandika hesabu ngumu ubaoni. Alikuwa na ziara ya kukagua barabara, akaondoka. Mimi nilikaa kwenye benchi la barazani mchana kutwa. Watu waliokuja kutafuta barua za utambulisho walinisalimia, wakaniuliza kama ninaumwa. Niliwaambia nasubiri saa. Kila nikichungulia dirishani niliiona chupa inavimba, plastiki imekaza kama ngoma, na hasira yangu inavimba nayo. Nilikuwa na hasira na kijana huyu mwenye mwandiko mzuri. Nilikuwa na hasira na mtendaji na daftari lake, na baraza zima la madiwani ambao kila mmoja wao amenyweshwa ulanzi na bibi yake, na bado walinyoosha mikono. Lakini kila nilipoifuata hasira hiyo mpaka mwisho wake, nilijikuta mimi mwenyewe nimesimama pale na karatasi yangu ya kuchorea.

Alirudi saa kumi kasoro, viatu vina tope. Saa ya ukutani ilipofika nikamwambia, "Fungua."

Alizungusha kifuniko kidogo tu. Kiliruka, kikagonga dari. Povu likatoka kama maziwa yaliyochemka, likaenea mezani, likalowesha barua, mihuri na kalenda. Karani alikuja mbio akidhani kitu kimelipuka.

"Duh," diwani akasema.

"Kunywa."

"Mwalimu, mimi..."

"Kunywa. Saa kumi imetimia. Ni halali."

Alionja, akakunja uso, akakohoa.

"Huu ndio unaouruhusu," nikamwambia. "Ule wa asubuhi uliousifu ndio unaoumwaga. Umemkataza mwanamke kuuza kitu kitamu mpaka kitakapokuwa pombe. Sheria yako ya kuzuia ulevi inausubiri ulanzi mpaka ulewe."

Aliketi polepole. Alichukua kitambaa akaanza kufuta barua moja moja. "Nilinakili, Mwalimu," akasema bila kunyanyua uso. "Nilibadilisha jina la halmashauri tu. Niliona imefanya kazi kule, na wewe ulisema..."

"Nilisema. Najua nilichosema."

Nilitamani abishe. Mtu akibisha unapata pa kupigia. Lakini alikiri, kisha akanieleza, kwa subira, kama nilivyomfundisha mwenyewe: marekebisho lazima yaanzie kwenye kamati, yaende kwenye baraza, yarudi kwa wananchi, yapelekwe wizarani, yasainiwe.

"Mvua zinaisha mwezi wa nne," nikasema.

"Najua."

"Basi mwambie mgambo amwache mdogo wangu."

"Nikimwambia amwache huyu mmoja, Mwalimu, kesho kila mwenye kilabu atasema wake ni mtamu. Na watasema diwani amempendelea ndugu wa mwalimu wake."

Hapo ndipo hasira iliponishika kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kweli ile ilikuwa inammaliza mtu mmoja mahususi, niliyembeba mgongoni akiwa mchanga.

Mdogo wangu aliacha kugema. Sikumwona akiacha, nilipita tu siku moja nikaona mbeta zote zimefunguliwa, zimeoshwa, zimepangwa juani kama vyombo baada ya msiba. Machipukizi yaliyokuwa hayajakatwa yalikwenda juu, yakatoa majani, yakawa mianzi ya uzio. Mwaka ule alivuka kwa kulima vibarua kwenye mashamba ya watu ambao zamani walikuwa wateja wake. Mmoja wao alimwambia, kwa huruma tu, "Mama, tunakukumbuka asubuhi." Aliniambia hilo ndilo lililomuumiza kuliko jembe.

Kulikuwa na wanawake wengine wawili waliokuwa wakiuza ulanzi mtamu pale njia panda. Hao hawakuacha. Walihamia kilabuni, saa kumi, na ulanzi uleule ukiwa umekasirika. Nilimfuata mmoja kumsihi asubiri marekebisho. Alinijibu huku akichota, bila ubaya wowote: "Mwalimu, mtamu ulikuwa unaniletea mgambo. Mkali unaniletea wateja. Wewe ungeuza upi?"

Kipupwe kilipofika, na baridi ya kwetu inayomfanya mtu azungumze na midomo imekaza, marekebisho yaliletwa kijijini. Diwani alikuwa amehangaika kweli, simnyimi haki yake. Mtendaji alinipa karatasi. Nikasoma: ulanzi mtamu utaruhusiwa kuuzwa asubuhi, baada ya kukaguliwa na kupewa kibali cha siku na bwana afya wa kata.

Nilisoma neno kwa neno, nikakunja karatasi, nikaketi.

"Mwalimu," diwani akasema, "wafafanulie."

"Hapana."

Nadhani watu walifikiri naumwa.

"Safari ile niliwafafanulia," nikasema. "Leo wao ndio watufafanulie. Nipo hapa nasikiliza."

Watu waliangaliana. Kisha mdogo wangu alisimama, kanga yake ameifunga mabegani kwa baridi. Hakunyoosha mkono.

"Mimi nina swali lilelile la mwaka jana," akasema. "Lakini safari hii nitalijibu mwenyewe. Huyo bwana afya anafungua ofisi saa ngapi?"

"Saa moja na nusu," mtendaji akajibu.

"Kwa karatasi, au kwa kweli?"

Watu wakaanza kucheka. Mtendaji alikuna shingo. "Saa mbili hivi. Saa tatu, siku za mvua."

"Na ofisi iko kata, mwendo wa saa nzima. Nikitoka huko na kibali changu, ni saa nne au tano. Wateja wangu wako shambani, ulanzi umeanza kuuma. Kibali kitasema ni mtamu, ulimi utasema ni mkali. Mgambo atamwamini nani?" Alimgeukia mgambo, aliyekuwa ameegemea nguzo. "Wewe, mwanangu, hupendi kumwaga vitu vya watu. Nilikuona. Si uonje? Mtu mzima anajua mtamu na mkali. Kama sheria inataka mkaguzi, basi mkaguzi awe ulimi, pale pale barabarani, saa kumi na mbili. Au bwana afya aje alfajiri na umande huu. Nitampa kikombe cha kwanza bure."

Yule mzee wa mwaka jana alipiga fimbo chini. "Andika hilo!" akamwambia mtendaji. "Andika kama alivyosema, usilisafishe!"

Wakaongea mpaka jua likashuka. Watu ambao sikuwahi kuwasikia mkutanini walieleza mambo ambayo mimi, na uraia wangu wote, sikuwahi kuyauliza: rangi ya ulanzi wa saa mbili na wa saa tano, sauti yake kwenye ndoo, povu linavyokaa. Diwani aliandika mwenyewe, kwa mwandiko ule mzuri. Kibali cha bwana afya kikafutwa. Ikaandikwa kwamba ulanzi uliokingwa asubuhi hiyohiyo utauzwa hadi saa nne.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, marekebisho yakiwa yamekwisha kusainiwa, mdogo wangu alirudi njia panda. Nakwenda naye siku nyingi. Ananiruhusu kuosha mbeta, si kugema. Anasema mkono wangu una haraka. Wateja wake wengi wamerudi. Mgambo hupita, huonja kidogo, huaga.

Wale wanawake wawili hawakurudi. Nilikwenda kuwaambia kwamba sheria imebadilika, nikaeleza taratibu, bila kuruka kitu. Walinisikiliza kwa heshima. Wana wateja wao sasa, wana benchi, wana paa la bati, na mbeta zao hazioshwi tena kwa maji ya moto kwa sababu hakuna haja. Mume wa mmoja wao, ambaye hakuwa mnywaji, sasa anakaa benchi la mbele.

Jioni nikitoka kumsaidia mdogo wangu, njia yangu inapita hapo kilabuni. Nabeba ndoo zake tupu, safi, moja ndani ya nyingine. Wananiona kutoka mbali, na kila siku yuko mmoja wa kunyanyua kikombe na kuniita, kwa upendo kabisa, watu wote wakisikia:

"Karibu, Mwalimu! Saa kumi imetimia!"